Seli za Daudi na Foleni ya Malaba

Watu wa Busia wamezoea kuona kitu kikizaliwa kwao, kisha kikaenea mpaka kilikotoka kukasahaulika. Neno bodaboda ni mfano. Lilianzia hapa mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliovusha abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, na leo linatamkwa Dar es Salaam na Juba na watu ambao hawajawahi kusikia habari za mpaka huo. Katika tiba ya saratani kuna jambo linalofanana na hilo, ila halizungumzwi kwenye vituo vya matatu.

Katika maabara zinazotengeneza seli za kinga za kupambana na saratani, iwe Marekani, Uchina au Ulaya, kuna chupa za seli zinazoitwa Daudi. Chanzo chake ni uvimbe wa kijana wa Kenya wa miaka 16 aliyeugua limfoma ya Burkitt mwaka 1967, na bado zinakuzwa mpaka leo. Mtafiti akitaka kujua kama seli alizoziunda zinaweza kuua saratani ya seli B, mara nyingi huzijaribu kwanza juu ya Daudi, au juu ya Raji, zilizotoka kwa mtoto wa Nigeria. Kuna pia Namalwa, zilizotoka kwa mtoto mwingine wa Kenya, ambazo kiwandani zilitumika kutengeneza interferoni, mojawapo ya dawa za mwanzo za kuamsha kinga dhidi ya saratani. Namalwa ni jina ambalo Waluhya wa pande zote mbili za mpaka hawahitaji kuelezwa. Peter Clifford, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Kenyatta, alikuwa akituma vipande vya uvimbe kwa ndege hadi Stockholm, kwa George na Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska. Kwa hiyo safari ya tishu za Mwafrika wa Mashariki kwenda kutafutiwa kinga ughaibuni ina zaidi ya miaka 50. Safari ya kurudi, ile ya tiba kuja kwa mgonjwa wa Nambale au Amukura, hapa Busia, bado haijaanza.

Kadhaa kati ya saratani zinazoua watu wengi katika ukanda huu husababishwa na virusi, na kwa sababu hiyo zinafaa kwa tiba ya seli za mgonjwa mwenyewe kuliko nyingi ambazo kampuni kubwa zimezipa nafasi ya mbele. Ugumu wa sayansi upo, nao ni mkubwa, lakini si wao peke yao unaoizuia tiba hii isifike Busia.

Kwanza, tiba yenyewe. Dawa ya kawaida hutengenezwa kwa wingi, mgonjwa wa Kisumu akapata kidonge kilekile anachopata wa Kairo. Hapa dawa ni seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, ziitwazo seli T, na hazimfai mtu mwingine. Njia ya kwanza ni kukata kipande cha uvimbe, kutoa seli T zilizokwisha kujipenyeza ndani yake, kuzikuza maabara hadi zifike mabilioni, na kuzirudisha mwilini kwa dripu. Ni kama kuwatafuta askari wachache waliofika eneo la tukio na kuwaongezea jeshi. Njia ya pili ni kuchukua seli T kutoka kwenye damu na kuzipa, kwa kubadilisha jeni, kipokezi kipya kinachoitambua saratani. Kipokezi hicho huweza kuwa cha asili kilichonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine, au cha kubuniwa kabisa; seli zenye kile cha kubuniwa ndizo zinazoitwa CAR-T.

Aliyewahi kukwama kwenye foleni ya malori Malaba ataelewa upesi kwa nini ushindi ulianza na saratani za damu. Seli za saratani hizo ni kama malori barabarani: ziko wazi, na zile za seli B karibu zote zimebeba alama moja, CD19. Ofisa mwenye orodha sahihi anazikamata. Kymriah, CAR-T ya kwanza kuidhinishwa, ilipata kibali Marekani mwaka 2017 kwa njia hiyo. Uvimbe wa shingo ya kizazi, wa umio au wa ini ni mzigo uliokwisha kupita njia za panya na kushushwa ndani ya boma. Ukuta umejengwa kuuzunguka, magunia yana nembo tofautitofauti, na mlinzi akifika mlangoni anapewa neno la siri la kumtuliza. Moja ya maneno hayo linajulikana kwa jina: ni protini ya PD-L1, na James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobeli mwaka 2018 kwa kuonyesha jinsi ya kuziachia breki za namna hiyo. Seli T zinazopambana muda mrefu ndani ya boma hilo huchoka, zikawapo bila kufanya kazi.

Ndiyo maana hatua zimekuwa za polepole. Steven Rosenberg wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani alitangaza mwaka 1988 kwamba seli T zilizotolewa ndani ya uvimbe wa melanoma, zikakuzwa na kurudishwa, zinaweza kuunyausha uvimbe huo. Ilichukua miaka 36 hadi Februari 2024 ndipo dawa ya kwanza ya aina hiyo, lifileucel, ikaidhinishwa nchini Marekani. Katika wagonjwa 73 waliopimwa, ambao tiba nyingine zilikuwa zimewashinda, asilimia 31.5 walipungukiwa na uvimbe. Agosti mwaka huohuo ikafuata afami-cel, kwa saratani adimu iitwayo sarkoma ya sinovia. Kati ya wagonjwa 44, yapata asilimia 43 walionyesha nafuu. Nchini Uchina, wagonjwa 156 wa saratani ya tumbo waligawanywa kwa kura: waliopangiwa CAR-T walikaa miezi 3.25 kabla ya ugonjwa kusonga mbele, na waliopata tiba ya kawaida miezi 1.77. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, kwa kipimo kikali kuliko vyote. Lakini umehesabiwa kwa miezi, na familia inayouza shamba inastahili kuambiwa hivyo kabla ya kuuza.

Tiba nayo ni nzito. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa wa lifileucel hupewa dawa kali za kufuta kinga iliyopo ili kuzifungulia nafasi, kisha dozi hadi sita za interleukini 2, ambazo zinaweza kumshusha presha na kumlaza chumba cha wagonjwa mahututi. Mojawapo ya dawa hizo za kufuta ni cyclophosphamide, nayo si ngeni katika ukanda huu.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya kwa watoto, ule unaoitwa sasa kwa jina lake, na mwaka 1961 akaendesha gari maelfu ya maili akiuliza hospitali baada ya hospitali kama wanauona. Ramani aliyotoka nayo ilifuata joto na mvua, ikalala karibu sawasawa juu ya ramani ya malaria. Mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya umo ndani yake. Watoto hao walipopewa cyclophosphamide, wengine walipona kwa dozi chache mno, wakati mwingine moja tu. Dawa peke yake haikuweza kueleza hilo. Madaktari wakaanza kushuku kwamba dawa ilipunguza mzigo na mwili wa mtoto ukamalizia. John Ziegler, aliyeongoza kituo cha limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda, alilipima wazo hilo pamoja na Ian Magrath: waliwapa watoto chanjo ya BCG ili kuchochea kinga. Haikusaidia, na matokeo yakachapishwa mwaka 1976.

Nauheshimu sana ukurasa huo. Watu walikuwa na wazo sahihi, wakalipima kwa uaminifu, wakaandika kwamba limeshindwa. Kilichokosekana ni chombo. Mwaka huohuo wa 1976 maabara moja ya Marekani ilieleza kitu kinachozifanya seli T zikue nje ya mwili, kile tunachokiita sasa interleukini 2. Bila hicho hakuna anayeweza kukuza askari wachache wakawa jeshi. Na chombo kilipopatikana, Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin. Wageni walikuwa wameondoka, na Charles Olweny na wenzake walikuwa wakiishikilia taasisi isizimike. Huwa najiuliza ingekuwaje kama kazi ya Kampala ingeendelea bila kukatika.

Seli T hutambua kitu kigeni. Saratani nyingi za wavutaji sigara au za ngozi iliyochomwa na jua huonekana kigeni kwa sababu zimejaa mabadiliko ya jeni, na mabadiliko hayo ni tofauti kwa kila mgonjwa. Saratani ya shingo ya kizazi ina kitu bora kuliko hicho: ndani ya kila seli yake mna protini za kirusi cha HPV, E6 na E7, ambazo hazipo mahali pengine mwilini, na ambazo saratani haiwezi kuzitupa kwa sababu ndizo zinazoiweka hai. Gunia limebeba nembo isiyoweza kufutwa. Christian Hinrichs na wenzake huko Bethesda walichukua wanawake wenye saratani hiyo iliyokwisha kusambaa, wakakuza seli T kutoka kwenye uvimbe wa kila mmoja, wakachagua zile zinazoitambua HPV. Kati ya 18 waliotibiwa, watano walipata nafuu, na kwa wawili uvimbe uliondoka wote. Miaka minne na zaidi baadaye ulikuwa haujarudi. Wawili ni wachache. Lakini ni wanawake ambao madaktari walikuwa hawana la kuwaambia tena, na walitibiwa mara moja tu. Baadaye kikundi hicho kilijaribu njia ya kipokezi cha kupandikizwa dhidi ya E7 katika saratani za HPV, na nusu ya wagonjwa 12 wakaonyesha nafuu.

Sasa linganisha na hali ya hapa. Nchini Kenya makadirio ya mwaka 2022 yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 44,000 wa saratani na vifo zaidi ya 29,000, na kwa wanawake saratani inayoua zaidi ni hiyo ya shingo ya kizazi. Busia na Malaba ni miji ya madereva wa masafa, ya nyumba za kulala wageni na ya VVU vilivyokita mizizi tangu miaka ya 1980, na VVU humwongezea mwanamke hatari ya HPV kugeuka saratani. Saratani ya Kaposi nayo husababishwa na kirusi, kilichogunduliwa mwaka 1994. Saratani ya ini huja mara nyingi na homa ya ini ya B. Burkitt huja na kirusi cha Epstein-Barr, ambacho Anthony Epstein alikitafuta baada ya kumsikiliza Burkitt akihutubia London. Saratani ya umio, inayoandama magharibi ya Kenya, na ile ya tezi dume hazimo katika hesabu hii; kwa hizo bado shabaha inatafutwa.

Malaria ina sehemu yake pia. Ann Moormann na wenzake, wakifanya kazi na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, huko Kisumu, walipima seli T za watoto wa magharibi ya Kenya, wakaona kwamba watoto wenye Burkitt wamepungukiwa na seli zinazoitambua protini moja ya Epstein-Barr, EBNA1, ilhali seli zao za shabaha nyingine zimebaki. Kinga yao haikufa. Ilitobolewa tundu mahali pamoja. Ukijua tundu liko wapi, unajua pa kuziba. Huko Memphis, Marekani, Cliona Rooney na Helen Heslop walikuwa wamekwisha kuonyesha katikati ya miaka ya 1990 kwamba seli T zilizofundishwa kuitambua Epstein-Barr zinaweza kuzuia na kutibu uvimbe wa kirusi hicho kwa waliopandikizwa uboho, na Desemba 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha tabelecleucel, dawa ya seli za namna hiyo kutoka kwa wachangiaji wenye afya. Busia ni kati ya kaunti za magharibi zilizoanza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S kwa majaribio mwaka 2019. Chanjo ya HPV iliingia nchini mwaka huohuo. Mtoto aliyechanjwa zote mbili huenda asiihitaji makala hii, na hilo ndilo la kuombea. Mama yake, aliyekwisha kuwa mtu mzima kabla ya chanjo kufika, bado anaihitaji.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wagonjwa hawakisikii mpaka wamekwisha kukata tikiti. Vipokezi vingi vya kupandikizwa hufanya kazi kwa mtu mwenye aina fulani ya HLA tu, yaani alama za utambulisho zilizo juu ya seli zetu. Afami-cel huhitaji aina za kundi la A*02, na hata ndani ya kundi hilo wenye A*02:05 hawaruhusiwi. Kipokezi cha E7 nacho kiliundwa kwa A*02:01, aina iliyoenea zaidi Ulaya kuliko kwetu. Hakuna aliyekusudia kumbagua Mwafrika. Aliyebuni alianza na damu iliyokuwa karibu naye. Lakini matokeo ni yaleyale. Ndiyo sababu nadhani njia ya zamani, ya seli zilizojipenyeza ndani ya uvimbe wenyewe, inatufaa zaidi: seli hizo zimekwisha kumjua mwenye mwili, wala haziulizi kabila lake la HLA.

Na bei? Lifileucel ilitangazwa kwa dola 515,000, yapata shilingi milioni 66 za Kenya. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, iliweka shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka kwa saratani, na nyongeza ya 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Kwa hesabu hiyo kaya moja ingehitaji fungu la miaka 120. Harambee haiwezi kulifikia pengo la namna hiyo. Lakini bei hiyo haikuandikwa mbinguni. India iliidhinisha CAR-T yake yenyewe, NexCAR19, Oktoba 2023, iliyotokana na kazi ya chuo cha IIT Bombay na Hospitali ya Tata Memorial, kwa takriban moja ya kumi ya bei ya Marekani. Ni ya saratani za damu, si za uvimbe, na bado ni ghali kwa mtu wa Busia. Hata hivyo imeonyesha kwamba nchi ikizikuza seli kwake, kwa watu wake, gharama huanguka.

Pengo kati ya bei na tamaa ya kuishi limewapa nafasi watu wa biashara nyingine. Zipo kliniki za kulipia, Japani na Ujerumani kati ya nchi nyingine, zinazouza dripu za "seli za kinga" kwa saratani yoyote, bila majaribio yanayoonyesha kwamba zinafanya kazi. Matangazo yake hufika kwenye simu za watu wa hapa. Ndugu wa mgonjwa aulize mambo machache tu. Je, ni jaribio la utafiti lililosajiliwa? Kama ndiyo, kwa nini mgonjwa anatozwa fedha ya dawa inayojaribiwa? Kati ya wagonjwa wangapi wa saratani kama yake, wangapi walipona, na imechapishwa wapi? Na kwa jaribio linalofanyika Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu na kamati ya maadili zimeliidhinisha? Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuyajibu.

Tiba ya kweli ingeweza kumfikia mtu wa Busia kwa njia gani? Mimi nauangalia mpaka, kwa sababu wagonjwa wameuvuka siku zote. Kutoka Busia, Kampala iko yapata kilomita 200, Nairobi zaidi ya 400. Aprili 2016 mashine pekee ya mionzi ya Mulago ilipoharibika, Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu Waganda 400 bila malipo, na barabara ya kwenda huko ni hii hii ya Busia na Malaba. Familia za Wateso na Wasamia zina mashamba pande zote mbili. Kwao kwenda Mulago si kwenda ng'ambo. Na Mulago, tangu mwaka 2015, kuna jengo la pamoja la Taasisi ya Saratani ya Uganda na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle, ambamo huchunguzwa hasa saratani zinazotokana na maambukizi. Fred Hutchinson ni moja ya nyumba ambamo upandikizaji wa uboho na tiba ya seli T vilikulia. Ujuzi huo sasa una mlango Kampala. Hospitali ya Rufaa ya Moi iliyoko Eldoret nayo ina kituo cha saratani na ushirika wa miongo na Chuo Kikuu cha Indiana. Jaribio dogo la seli za HPV, kwa wanawake ishirini wa pande zote mbili za mpaka, lingekuwa na maana ya kisayansi kuliko jaribio jingine la melanoma mahali ambapo jua si adui wa ngozi ya watu.

Lakini lolote la namna hiyo linaanzia kwenye chupa. Mwanamke akipakwa siki kwenye shingo ya kizazi katika zahanati, akaonekana na doa lenye shaka, kipande kinachokatwa hutiwa ndani ya formalini, nayo huua kila seli ili umbo lihifadhiwe kwa hadubini. Kwa utambuzi hiyo ndiyo kazi sahihi. Kwa tiba ya seli, kipande hicho ni maiti. Tishu inayotakiwa lazima iwe hai, ipoe bila kuganda, na ifike maabara kabla seli hazijafa. Au damu ichujwe na seli zake zigandishwe ndani ya nitrojeni ya kimiminika. Wengi hufika Hospitali ya Rufaa ya Busia au ile ya Kocholia ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, na wakati mwingine hata kipande cha formalini hakijakatwa.

Nitrojeni hiyo, hata hivyo, si kitu cha kuagizwa kutoka mwezini. KEMRI Kisumu wamekuwa wakigandisha seli za damu za watoto wa mikoa hii kwa miaka mingi, kwa ajili ya utafiti wa malaria na VVU, na kuziamsha zikiwa hai. Ndivyo tundu la EBNA1 lilivyoonekana. Kisumu ni mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Busia. Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia, KEMRI wana kituo kilichoanza na ukoma. Mafundi wanaojua kuchuja seli nyeupe, kuzihesabu, kuziandika namba na kuzishusha taratibu kwenye baridi wamo tayari humu magharibi, na wengi wamesomea kazi hiyo kwa damu ya hapa hapa.